Mlimani Usijikaze: Safari Zangu Mbili za Horombo

Sikupanda Kilimanjaro ili nifike kileleni. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemwambia nilipanda huniuliza kwanza, "Ulifika Uhuru?" Nikisema hapana, ananitazama kama mtu aliyefeli mtihani. Nilichokitaka mimi ni ule uwanda wa nyasi na maua ulio juu ya msitu na chini ya jangwa la mawe, katika njia ya Marangu, kati ya kituo cha Mandara na kituo cha Horombo. Niliuona mara ya kwanza kwenye simu ya mteja aliyekuja kuchukua gauni lake la sendofu. Picha ilikuwa na miti ya ajabu, kama mananasi makubwa yaliyopachikwa juu ya nguzo, na ukungu ukipita katikati. Nikamuuliza ni nchi gani. Akaniambia, "Dada, huku ni kwetu, Rombo na Marangu huko juu."

Mimi ni fundi cherehani, Tandika, Dar es Salaam. Nina miaka 43 na watoto watatu, na kabla ya hapo mlima mrefu niliowahi kuupanda ni ngazi za jengo la ghorofa sita. Nimekwenda Horombo mara mbili. Mara ya kwanza nilirudi na kucha mbili za miguu zimekuwa nyeusi, midomo imepasuka, na uwanda wenyewe sikuuona, kwa kuwa niliupita nikitazama vidole vyangu. Mara ya pili niliuona. Wenzangu wanne wa kikundi chetu cha jogingi wanataka kwenda mwaka huu na wamekuwa wakiniuliza mmoja mmoja, ndiyo maana nimeamua kuyaandika yote kwa pamoja, pamoja na yale ambayo sikuwa nimemwambia mtu.

Nianze na pesa, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kilimanjaro huwezi kujiendea tu kama unavyokwenda Coco Beach. Kanuni za hifadhi zinataka uwe na kiongozi mwenye leseni, na kuna ada za kuingia na za kulala vibandani, ambazo kwa sisi raia ziko chini sana kuliko za wageni. Beba kitambulisho chako cha taifa, usikisahau. Mtu aliyetuandalia safari alituambia laki sita na elfu themanini kwa kila mmoja, siku tatu, "kila kitu kimo". Sikuuliza hicho "kila kitu" ni nini. Begi la kulalia halikumo. Fimbo za kutembelea hazikumo. Bakshishi ya wapagazi, mpishi na kiongozi haikumo, na hakuna aliyeitaja mpaka siku ya mwisho, watu wamesimama mbele yetu wakiwa wamebeba vyakula na mabegi yetu kwa siku tatu. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nainamisha kichwa. Nilikuwa na elfu ishirini mfukoni, nikakopa sabini kwa mwenzangu. Nilipanga laki nane kwa safari nzima, nikatumia karibu milioni moja. Kabla ya kulipa hata senti moja, uandikiwe orodha ya vilivyomo na visivyomo, na bakshishi uitenge mapema kwenye bahasha yake.

Tulikwenda mwanzoni mwa Desemba, kwa kuwa ndiyo wakati tuliopata likizo, na kwa kuwa tarehe 9 wengi hupanda kuadhimisha Uhuru, tukaona ni jambo la fahari. Hakuna aliyetukumbusha kwamba hizo ni siku za mvua za vuli. Basi lilitoka Dar alfajiri, tukafika Moshi jioni miguu imevimba, na dakika ishirini baadaye nilikuwa kwenye duka la kukodisha viatu nikijaribu buti.

Hapo ndipo nilipoficha mara ya kwanza.

Navaa namba 39. Walinipa 39. Nilizijaribu na soksi nyepesi za safari na zikanitosha, lakini soksi nene za mlimani zilikuwa ndani ya begi, na wenzangu walikuwa nje wanaita. Kidole gumba kiligusa mbele. Nilikihisi kikigusa. Nikajiambia ngozi italegea, kwa kuwa sikutaka niwe yule anayechelewesha wengine. Buti za mlima zijaribu ukiwa umevaa soksi utakazopandia, jioni ambapo mguu umetanuka, kisha simama na upige ncha ya kiatu chini mara mbili. Kidole kikigonga mbele, omba namba kubwa zaidi, hata kama gari linapiga honi. Na ukate kucha siku mbili kabla.

Geti la Marangu liko kama mita 1,870 juu ya usawa wa bahari. Pale mabegi hupimwa kwenye mizani, kwa maana mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20. Mlimani wapagazi huitwa wagumu, na jina hilo ni la heshima. Nilikuwa nimejaza vitu visivyo na maana: jozi tatu za suruali, kopo la maziwa ya unga, mwavuli. Kijana aliyepewa begi langu hakusema neno, alilinyanyua akalipachika kichwani. Toa nusu ya ulichopanga. Kuna mtu shingo yake ndiyo inayolibeba.

Siku ya kwanza ni msitu, kama kilomita 8 hadi Mandara, mita 2,720. Ni njia nzuri, pana, yenye vivuli. Nyuzi za kijivu zinaning'inia kwenye matawi kama ndevu za mzee, mbega wanaruka juu na mikia yao myeupe, na pembeni mwa vijito kuna kiua kidogo chekundu chenye manjano, kimejikunja kama mkonga wa tembo. Wanasayansi wanakiita Impatiens kilimanjari, na hakioti kokote duniani isipokuwa mlima huu. Kiongozi wetu, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, alikuwa akisema neno moja tu: pole pole. Mimi wa jogingi ya kila Jumapili nilikuwa mbele ya wote. Nilifika Mandara nusu saa kabla ya wenzangu, nikajisifu. Kumbe uwezo wa kukimbia Temeke hauhusiani na jinsi mwili unavyozoea kimo. Mwenzetu mmoja mnene, ambaye tulikuwa tunamhurumia, alitembea kama anayesindikiza bibi harusi, na ndiye pekee ambaye kichwa hakikumuuma safari nzima.

Siku ya pili mvua ilianza saa nne asubuhi, tulipotoka kwenye ukanda wa mierika, vile vichaka virefu vya juu ya msitu. Nikavaa koti nililopewa kama "koti la mvua". Nililigeuza upande wa ndani nikaona mishono iko wazi, haina utepe uliobandikwa juu yake. Kazi yangu ni mishono, nilijua hapo hapo. Sindano ikipita kwenye kitambaa inaacha tundu, na kwenye mshono mmoja wa bega kuna matundu zaidi ya mia. Kitambaa kinaweza kuzuia maji kabisa, lakini kama mishono haijafunikwa, maji yanapita mle mle alimopita fundi. Na chini nilivaa jinzi. Pamba ikilowa haikuachi, inashika maji, inakuwa nzito, inanyonya joto la mwili. Lakini kiongozi aliponiuliza, "Mama, unalo koti zuri?" nikajibu, "Ninalo, kaka."

Hiyo ni mara ya pili.

Nilitembea saa tano nimelowa. Tulipita Whona, mahali pa kupumzikia, ambako ndiko ulikoanzia ule moto wa Oktoba 2020 uliounguza uwanda kwa siku kadhaa. Bado kulikuwa na vijiti vyeusi vya mierika vikisimama kati ya nyasi mpya, na kiongozi alisimama akaanza kutueleza jinsi watu walivyopanda kuuzima. Sikusikiliza. Vidole vilikuwa vinawaka moto na meno yananigonga. Uwanda nilioutoka Tandika kuuona ulikuwa pande zangu zote mbili, kilomita baada ya kilomita, na mimi nikihesabu hatua.

Horombo ni mita 3,720. Kutoka Mandara unapanda mita 1,000 kwa siku moja, na hilo ndilo jambo ambalo ningependa mlijue kuliko yote. Ushauri wa kawaida wa wataalamu ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kila siku. Kule juu hewa si kwamba imekosa oksijeni, ni ile ile asilimia 21, ila presha imeshuka, kwa hiyo pumzi moja inakupa karibu theluthi mbili tu ya kile ambacho ingekupa Dar. Mwili unahitaji usiku kadhaa kuzoea. Hata maji yanachemka kabla hayajawa moto wa kutosha, na mpishi wetu alisema maharage hapeleki kabisa, hayaivi.

Tuliletewa chai na bisi. Harufu ya bisi ikanitia kichefuchefu. Kichwa kilikuwa kinagonga nyuma ya macho. Kiongozi alizunguka akituuliza mmoja mmoja. "Mama, kichwa kinasemaje?" Nikasema, "Kiko salama tu, ni uchovu." Nikaenda kibandani nikameza Panadol mbili, nikalala na nguo zenye unyevu ndani ya begi la kulalia la kukodi lililokuwa limeisha pamba. Saa sita usiku nilitapika nje, nikafukia kwa mchanga ili watu wasijue. Nilirudi nikakaa kitandani mpaka asubuhi, nikihema, nikiwaza watoto.

Nimejiuliza sana kwa nini nilificha. Tumelelewa hivyo. Mtoto akianguka anaambiwa jikaze. Mwanamke akiwa na uchungu leba anaambiwa jikaze. Nyumbani kwangu ndivyo nilivyolea wanangu watatu, kwa kujikaza, na imenisaidia sehemu nyingi. Nilikuwa naogopa pia kwamba nikisema, wenzangu wote watarudishwa kwa ajili yangu. Hilo halikuwa kweli. Kundi huwa na kiongozi msaidizi kwa sababu hiyo hiyo, mmoja akishuka, wengine wanaendelea.

Asubuhi tulipangiwa kutembea hadi Mawe ya Pundamilia, miamba yenye mistari myeupe na myeusi, kwenye mita 4,000 hivi, halafu turudi na kushuka. Sikufika mbali. Nilikuwa nakanyaga pembeni ya njia bila kukusudia. Kiongozi alisimama, akatoa kile kipimo cha oksijeni ya damu kinachobanwa kidoleni, akakitazama muda mrefu. Kilisoma asilimia 76. Mwenzangu alikuwa na 89. Akachora mstari kwenye udongo kwa fimbo, akaniambia niutembee kisigino kikigusa vidole. Hatua ya tano nikayumba.

Akaniuliza imeanza lini. Nikamwambia yote: chai, Panadol, matapishi. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mama, mimi kichwa chako sikioni. Usiponiambia, naongoza gizani."

Dakika kumi baadaye nilikuwa nashuka, msaidizi amenishika mkono, na yule kijana wa begi langu nyuma. Njia hiyo ina machela za gurudumu moja kwa ajili ya wasioweza kutembea, nilikutana nayo moja imeegemezwa na nikamwomba Mungu nisilazwe humo. Sikulazwa. Tulipofika Whona kichwa kilianza kuachia, na Mandara niliomba chakula. Hivyo ndivyo ilivyo: dawa ya ugonjwa wa kimo ni kushuka, na inafanya kazi kwa kasi inayoshangaza ukishuka mapema. Kichwa kikiuma kidogo tu, kinavumilika kwa kupumzika, maji na kutopanda zaidi. Lakini ukiona mtu anayumba, anaongea visivyoeleweka, anahema hata akiwa amekaa, au anakohoa mapovu, usisubiri kuche. Ashushwe usiku huo huo. Na Panadol usiinywe kwa siri, inanyamazisha kengele huku nyumba ikiendelea kuungua.

Zilizobaki zilikuwa kucha. Kwenye kushuka kidole kinagonga mbele kila hatua, kilomita 20 hadi getini. Zilitoka zote mbili Februari.

Mwaka mmoja na wiki kadhaa baadaye, mwisho wa Januari, nilirudi. Mume wangu aliniuliza, "Mama Zaina, huo mlima unakudai nini?" Sikuwa na jibu la kumridhisha, nikamwambia kuna kitu nilikipita bila kukiangalia.

Nilibadilisha mambo machache tu. Januari na Februari mvua za vuli zimekwisha, nyasi bado zina uhai, na jua lipo. Nilichukua siku nne badala ya tatu, ili nilale Horombo usiku wa pili. Ada za siku moja zaidi nilizipata kwa kuacha vitu vingine vyote vya kukodi isipokuwa begi la kulalia, ambalo nililifungua na kulikagua mbele ya mwenye duka. Buti nilinunua za mtumba Karume, namba 40, nikazivaa miezi miwili nikienda nazo kazini na sokoni. Suruali nilishona mwenyewe kwa kitambaa cha nailoni kinachokauka haraka, na ndani nikavaa ya kubana isiyo ya pamba. Koti nililinunua baada ya kuyageuza makoti kumi na mawili nje ndani nikitafuta utepe kwenye mishono. Nilimwona daktari kuhusu Diamox, vidonge vya kusaidia mwili kuzoea kimo. Nawaomba nanyi mfanye hivyo, msigawane vidonge, maana wenye mzio wa dawa za salfa wanaweza kupata madhara. Mimi aliniambia kwa siku nne za polepole naweza kwenda bila hiyo, kila mtu aambiwe lake. Nilibeba mafuta ya midomo na ya kuzuia jua. Msidanganyike kwamba ngozi nyeusi haiungui huko juu.

Na getini, kabla hatujaanza, nilimwendea kiongozi. Nilikuwa nimeomba awe yule yule. Nikamwambia, "Kaka, safari hii nitakusumbua. Kila kitu nitakwambia, hata kikiwa kidogo." Akacheka, akasema anisumbue mtu kama huyo kila wiki.

Nilikuwa wa mwisho kufika Mandara. Jioni tukapanda Kreta ya Maundi iliyo karibu, robo saa hivi, tukaona vilele vya Kibo na Mawenzi vimegeuka rangi ya waridi, tukashuka kulala. Siku ya pili, saa sita mchana nilimwambia kichwa kimeanza kuwa kizito. Tukakaa chini dakika ishirini, nikanywa maji, tukaendelea polepole zaidi. Kipimo jioni Horombo kilisoma 87. Nilikula supu ya maboga bakuli mbili.

Asubuhi ya siku ya tatu sikwenda Mawe ya Pundamilia. Wenzangu walikwenda, mimi nikaomba kubaki bondeni, kwenye kijito kilicho karibu na vibanda. Kiongozi msaidizi akabaki nami. Ile miti ya mananasi ya kwenye picha inaitwa senesio, na ukiikaribia unagundua shina lake si nene hivyo, ni majani yake makavu ambayo haidondoshi. Inajizungushia, tabaka juu ya tabaka, kama mtu aliyevaa makoti yote aliyonayo. Niliingiza vidole kati ya majani hayo. Nje palikuwa na baridi ya kuuma, ndani palikuwa pakavu na vuguvugu. Nimeshona bitana miaka ishirini na sikuwahi kuona bitana ya namna ile.

Pembeni ya maji kulikuwa na lobelia. Usiku hufunga majani yake kama kabichi, na asubuhi zilikuwa zinaanza kufunguka. Kati ya majani hayo kuna maji, mazito kidogo, yanayoteleza kama maji ya bamia. Juu yake kulikuwa na barafu nyembamba kama kioo cha saa. Nikaibonyeza kwa ncha ya kidole ikavunjika, chini yake maji yalikuwa hayajaganda. Msaidizi alisema ndivyo ua linavyojilinda kiini chake, linaganda juu tu.

Tulikaa hapo mpaka jua lilipopanda na kutufikia. Akaja chozi, yule ndege mdogo wa kijani kinachong'aa, mkia mrefu, akatua kwenye mnara wa lobelia hatua tatu kutoka goti langu, akawa anachomeka mdomo kwenye maua moja baada ya jingine, bila haraka. Msaidizi akanong'ona, "Kichwa, mama?"

Nikamwambia hakiumi. Na safari hii ilikuwa kweli.